Kusaini au Kuweka Kiporo: Migogoro ya Mishahara katika Besiboli ya Kulipwa ya Japani

Kila mwaka ifikapo Novemba, msimu ukiwa umekwisha na viwanja vimenyamaza, wachezaji wa besiboli ya kulipwa nchini Japani huvaa suti na tai na kwenda mmoja mmoja kwenye ofisi za klabu zao. Maofisa humwekea mchezaji mezani karatasi yenye kiasi ambacho klabu iko tayari kumlipa mwaka unaofuata. Akiridhika, anasaini, kisha anaingia katika chumba cha pili ambako waandishi wa habari wanamsubiri na kamera zao, awaeleze kama amepandishwa au ameshushwa. Asiporidhika, anatoka bila kusaini, na kamera zile zile zinamngoja. Kitendo hicho cha kutoka bila kusaini Wajapani hukiita horyu, yaani kuliweka jambo kiporo.

Neno hilo hilo limo pia katika kanuni za ligi, lakini huko lina maana iliyogeuka upande. Horyu ya klabu ni haki ya kumbakiza mchezaji: klabu ikishaliandika jina lake katika orodha ya wachezaji inaowabakiza, hakuna klabu nyingine kati ya 12 za ligi inayoruhusiwa kuzungumza naye, hata kama mkataba wake umekwisha na mpya haujasainiwa. Mchezaji anapoweka kiporo, anaahirisha saini yake kwa siku au wiki kadhaa. Klabu inapombakiza, inayashika maisha yake ya kazi kwa miaka. Migogoro yote ya mishahara ninayoieleza hapa inatokea katika pengo lililopo kati ya horyu hizo mbili, na asiyeliona pengo hilo atadhani ni watu matajiri wanaogombania fedha.

Msomaji aliyezoea soka atalishangaa jambo hili. Katika soka mkataba ukiisha mchezaji yuko huru, anakwenda anakotaka, na klabu iliyozubaa bila kumwongezea muda inabaki kujilaumu. Katika besiboli ya Japani mkataba wa kawaida ni wa mwaka mmoja, unaoanza tarehe 1 Februari na kuisha tarehe 30 Novemba, lakini kuisha kwake hakumfungulii mchezaji mlango wowote. Anakuwa hana mkataba na bado ni wa klabu ile ile. Tena kwa kawaida klabu yenyewe hakuichagua, kwa sababu tangu mwaka 1965 vijana wanaoingia ligi hiyo hugawiwa kwa utaratibu ambao klabu ndizo huchagua wachezaji. Kwa hiyo anapokaa mbele ya karatasi ile ya Novemba, anazungumza na mnunuzi mmoja tu.

Kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi hakikuokotwa. Klabu huwa na watu ambao kazi yao msimu mzima ni kutathmini kila tendo la mchezaji: mpira alioupiga, ulitokea katika hali gani ya mchezo, uliifaa timu kiasi gani, kosa alilofanya liligharimu nini. Kila tendo lina alama zake, na mwisho wa mwaka alama hizo hugeuzwa yeni. Mizozo mingi midogo huzaliwa hapa, kwa kuwa mizani ni ya klabu, na mchezaji huelezwa jinsi alivyopimwa baada ya upimaji kukamilika. Warushaji wa akiba, wale wanaoingizwa katikati ya mchezo na pengine kupasha mwili kila siku bila kuitwa uwanjani, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba jasho lao halionekani katika hesabu hizo.

Ikumbukwe pia kwamba klabu hazitangazi mishahara rasmi. Magazeti huandika makadirio, ambayo waandishi huyapata kwa kudadisi na kumwuliza mchezaji kama kiasi fulani kiko karibu na ukweli. Kwa sababu hiyo, viwango vingi nitakavyovitaja hapa ni makadirio yaliyozoeleka kukubalika. Chama cha wachezaji nacho hutoa hesabu zake kila mwaka, na kwa mwaka 2024 wastani wa mshahara wa mchezaji wa Kijapani ulikuwa takriban yeni milioni 47. Wastani huo unaficha mengi, maana umewachanganya nyota wachache wanaolipwa mamia ya mamilioni na vijana wengi ambao hawajawahi kugusa kikosi cha kwanza.

Kanuni zinamwekea mchezaji ngao moja, ambayo ni kikomo cha kupunguziwa mshahara. Anayelipwa zaidi ya yeni milioni 100 hawezi kukatwa zaidi ya asilimia 40 bila ridhaa yake, na anayelipwa milioni 100 au chini ya hapo hawezi kukatwa zaidi ya asilimia 25. Ukiisoma haraka ngao hii inaonekana madhubuti. Udhaifu wake umejificha katika maneno hayo mawili, “bila ridhaa”. Mchezaji akikataa kukatwa zaidi ya kikomo, klabu hailazimiki kumbakiza kwa mshahara uliokatwa hadi kwenye kikomo tu. Inaweza kumwacha aende. Kanuni inalinda kiasi cha mshahara, lakini kazi yenyewe haiilindi, na hakuna aliyelionja jambo hili kwa uchungu kuliko Norihiro Nakamura.

Nakamura alikuwa mmoja wa wapigaji wakali wa kizazi chake. Alipokuwa Kintetsu Buffaloes mshahara wake ulifikia yeni milioni 500 kwa mwaka. Mwaka 2006 alikuwa Orix Buffaloes kwa milioni 200, akaumia kifundo cha mkono katikati ya msimu, akacheza kwa maumivu kwa muda, kisha akafanyiwa upasuaji. Msimu ulipoisha klabu ilimwekea mezani milioni 80, yaani pungufu ya asilimia 60. Yeye alishikilia kwamba ameumia kazini, akiwa na jezi ya klabu, na kwamba jeraha la kazini halipaswi kuhesabiwa sawa na uvivu au kushuka kwa kiwango. Klabu iliona kwamba mchezaji ghali hakutoa kilichotarajiwa. Vikao vilifuatana, kila upande ukibaki pale pale, hadi Januari 2007 klabu ilipomwachia huru.

Neno “huru” hapa lisitudanganye. Kufikia katikati ya Januari klabu zimekwisha kujaza vikosi vyao na kupanga bajeti, na kambi za mazoezi zinaanza tarehe 1 Februari. Nakamura, mwenye umri wa miaka 33 na mkono uliotoka kupasuliwa, alikaa bila klabu hata moja iliyojitokeza kumpa mkataba wa kawaida. Hatimaye Chunichi Dragons walimkaribisha kambini kwa majaribio, wakampa mkataba wa mchezaji wa mafunzo, daraja lililowekwa kwa ajili ya vijana wasioiva, kwa yeni milioni 4 na jezi namba 205. Mtu aliyewahi kulipwa milioni 500 alisaini milioni 4. Mwezi uliofuata alipandishwa kuwa mchezaji kamili kwa milioni 6. Mwaka huo akapiga mipira 20 ya kutoka nje ya uwanja, Chunichi wakatwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza tangu 1954, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo.

Mara nyingi habari ya Nakamura husimuliwa kama kisa cha mtu aliyeanguka akainuka. Mimi naiona kwanza kama ushahidi. Mkono ule ule ambao tathmini ya Orix iliukata asilimia 60 ulikuwa mkono wa mchezaji bora wa fainali miezi michache baadaye, na hapakuwa na chombo chochote kilichokaa katikati kumwuliza yeyote kati ya wawili hao: jeraha hili ni la nani?

Kusema kweli chombo cha kukaa katikati kipo. Mchezaji na klabu wakishindwa kabisa kukubaliana kuhusu mshahara, upande wowote unaweza kuomba usuluhishi wa kamati inayoundwa chini ya kamishna wa ligi. Lakini waliokitumia wanahesabika kwa vidole tangu ligi ianze. Anayekumbukwa zaidi ni Hiromitsu Ochiai, mtu aliyetwaa mataji matatu ya upigaji kwa mpigo mara tatu, na Mjapani wa kwanza kuvuka yeni milioni 100 kwa mwaka, alipohamishiwa Chunichi kwa msimu wa 1987. Ochiai alisema wazi kwamba thamani ya mtaalamu hupimwa kwa fedha anazolipwa, jambo ambalo wengi wakati huo waliliona ni utovu wa adabu. Mwaka 1991 aliomba yeni milioni 270, klabu ikasimamia milioni 220, naye akawa mchezaji wa kwanza wa Kijapani kwenda kwenye usuluhishi. Kamati iliamua milioni 220, kiasi cha klabu bila kuongeza hata yeni moja.

Miaka 20 baadaye, Januari 2011, mrushaji wa Seibu Lions, Hideaki Wakui, alikwenda mbele ya kamati na, kwa sadfa ya ajabu, viwango vilikuwa vile vile: yeye milioni 270, klabu milioni 220. Safari hii kamati iliamua milioni 253. Tofauti ya kesi hizi mbili inaonyesha jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Katika besiboli ya Marekani wasuluhishi wa mishahara hulazimika kuchagua mojawapo ya viwango viwili vilivyoletwa, na ndiyo maana pande zote huogopa kuleta kiasi cha kupita kiasi. Nchini Japani kamati ina uhuru wa kutaja kiasi chochote inachoona ni haki. Uhuru huo unaweza kumfaa mchezaji kama ulivyomfaa Wakui, lakini haumpi mchezaji wala klabu sababu ya kuja na madai yenye kiasi tangu mwanzo.

Kwa nini basi wachezaji hawakimbilii huko? Kwanza ni desturi. Anayekwenda kwenye usuluhishi huonekana ameishitaki familia yake, na kesho yake anarudi katika jengo lile lile kwa watu wale wale. Pili ni saa inayokwenda. Mchezaji ambaye hajasaini hana mshahara, na kuanzia tarehe 10 Januari klabu inatakiwa kumlipa posho ya robo tu ya mshahara wake wa siku wa mwaka uliotangulia. Ikifika tarehe 1 Februari wenzake wanaingia kambini, wengi wao Okinawa na Miyazaki. Yeye, kama bado ameweka kiporo, huenda kambini kwa gharama zake: nauli yake, hoteli yake, chakula chake. Anafanya mazoezi uwanja mmoja na wenzake huku risiti zake zikiwa mfukoni. Wachache wanafika huko, kwa sababu karibu wote husaini kabla.

Kwa miongo mingi mchezaji aliingia chumba kile peke yake, kwa kuwa klabu zilikataa kuzungumza na wakala. Hideo Nomo, mrushaji aliyeongoza ligi yake kwa ushindi na kwa kuwatoa wapigaji katika kila mmoja wa misimu yake minne ya mwanzo, alitaka kutoka kwa Kintetsu mambo mawili baada ya msimu wa 1994: mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja na ruhusa ya kuwakilishwa na wakala. Alikataliwa yote mawili. Wakala wake, Don Nomura, alikuwa amegundua mwanya katika kanuni: mchezaji aliyetangaza kustaafu kwa hiari alizuiwa kuchezea klabu nyingine ya Japani, lakini hakuna kilichomzuia kwenda Marekani. Nomo “akastaafu” akiwa na miaka 26, akajiunga na Los Angeles Dodgers, na mwaka 1995 akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake huko. Mwanya ule ulikuja kuzibwa, lakini klabu za Japani zilikuwa zimejifunza kwamba mchezaji aliyebanwa kila upande hutafuta dirisha.

Mawakala waliruhusiwa katika mazungumzo ya mwisho wa mwaka 2000, kwa masharti makali: wakala awe wakili aliyesajiliwa Japani, na kila wakili awakilishe mchezaji mmoja tu. Sharti la pili linaonekana dogo, ila ndilo lililoua biashara yenyewe. Wakili mwenye mteja mmoja hawezi kulinganisha mikataba ya wachezaji kumi, na hawezi kujua klabu ilimpa nini mwenye takwimu kama za mteja wake, wakati klabu inajua mishahara yote ya kikosi chake. Ilichukua karibu robo karne hadi Tume ya Ushindani wa Haki ya Japani ilipotoa onyo, Septemba 2024, kwamba sharti hilo huenda linavunja sheria ya kuzuia ukiritimba, na mwezi huo huo ligi ikawa imeliondoa.

Mlango rasmi wa kutoka ulifunguliwa mwaka 1993, ilipoanzishwa haki ya mchezaji kuwa huru baada ya miaka kadhaa. Leo anayetoka shule ya sekondari anahitaji misimu 8 ili ahamie klabu nyingine ya Japani, anayetoka chuo kikuu au timu za makampuni misimu 7, na yeyote anayetaka kwenda nje anahitaji 9. Msimu huhesabiwa kuwa siku 145 za kusajiliwa kikosi cha kwanza, kwa hiyo aliyeshushwa kikosi cha pili au aliyeumia huona miaka ikipita bila kuhesabiwa. Na hata akifika, mshahara wake wenyewe huwa kufuli. Mchezaji aliye kati ya kumi wanaolipwa zaidi katika klabu yake, bila kuhesabu wageni, akiondoka, klabu inayomchukua hulazimika kufidia kwa fedha, na inaweza kulazimika kumtoa hata mmoja wa wachezaji wake. Kadiri ulivyolipwa vizuri, ndivyo inavyokuwa ghali kukuchukua.

Kabla ya miaka hiyo, anayetaka Marekani hutegemea klabu yake ikubali kumwachia aende kwa klabu ya huko itakayoilipa ada. Klabu inaweza kukataa bila kutoa sababu. Kodai Senga aliiomba SoftBank Hawks mwaka baada ya mwaka, ikakataa, akaondoka tu miaka ilipotimia, akasaini na New York Mets mwishoni mwa 2022. Roki Sasaki wa Chiba Lotte Marines alikaa bila kusaini hadi mwishoni mwa Januari 2024, siku chache kabla ya kambi, na wengi wakamwita mchoyo. Lakini kiini cha mvutano ule hakikuwa mshahara, kilikuwa haraka yake ya kwenda Marekani. Kanuni za Marekani zinambana mchezaji wa kigeni aliye chini ya miaka 25, kama alivyokuwa yeye, asipate mkataba mnono, na ada inayorudi kwa klabu hutokana na mkataba huo. Orix walipata zaidi ya dola milioni 50 walipomwachia Yoshinobu Yamamoto akiwa na miaka 25. Lotte, walipomwachia Sasaki mwaka mmoja baada ya mvutano, walipata dola milioni 1.6 hivi. Kila mwezi ambao kijana yule alikuwa na haraka ulikuwa na bei kwa klabu yake.

Wapo wanaoudhika kwa jinsi wanavyosemeshwa kuliko kwa kiasi chenyewe. Mwishoni mwa 2010 Toshiya Sugiuchi, mrushaji wa SoftBank, kampuni ambayo biashara yake ni simu, aliifananisha klabu yake na kampuni ya simu inayombembeleza mteja mpya huku mteja wa zamani akiachwa alivyo. Mwaka uliofuata akatumia haki yake ya kuwa huru, akahamia Yomiuri Giants kwa miaka 4 iliyokadiriwa yeni bilioni 2. Mwaka 2015, mkataba huo ulipoisha na yeye akiwa ametoka kupasuliwa nyonga, alikubali kushuka kutoka milioni 500 hadi milioni 50, punguzo kubwa kuliko yote wakati huo. Kwa kuwa alikubali, kikomo cha asilimia 40 hakikuhusika.

Chama cha wachezaji, kilichotambuliwa kuwa chama cha wafanyakazi mwaka 1985, kimegoma mara moja tu, tarehe 18 na 19 Septemba 2004, kikiongozwa na Atsuya Furuta. Hakikugomea mishahara. Kiligomea kuunganishwa kwa Kintetsu na Orix, kwa sababu kupungua kwa klabu kungepunguza wanunuzi na ajira kwa pamoja. Muungano ule haukuzuilika, lakini mgomo ulileta klabu mpya, Rakuten Eagles wa Sendai, walioanza kucheza mwaka 2005.

Shujaa mkubwa wa klabu hiyo iliyotokana na mgomo alikuwa Masahiro Tanaka, ambaye mwaka 2013 alishinda michezo 24 bila kupoteza hata mmoja na kuwapa Rakuten ubingwa wao wa kwanza, kabla ya kwenda New York Yankees. Alirudi mwaka 2021 kwa mshahara uliokadiriwa yeni milioni 900, mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote ligini wakati huo. Kwa msimu wa 2024 alikubali kukatwa hadi milioni 260, zaidi ya kikomo. Akiwa ametoka kupasuliwa kiwiko, alirusha katika mchezo mmoja tu msimu mzima bila ushindi, na Novemba klabu ikamletea karatasi nyingine yenye punguzo linalovuka asilimia 40. Safari hii Tanaka hakukubali. Alikuwa na ushindi 197 kwa jumla ya Japani na Marekani, na alikuwa na umri wa miaka 36. Giants walimchukua Desemba kwa makadirio ya milioni 160, na ushindi wa 200 aliupata tarehe 30 Septemba 2025 katika Tokyo Dome, akiwa na jezi yao.